Abti, Ulinyamaza Kabla ya Kutujibu

Abti,

Salaam aleikum. Nimejaribu kuja kaburini kukuamkia, miguu inanirudisha nyumbani. Kwa hivyo nakuandikia.

Bado sijaelewa. Watu wananiambia ni kazi ya Mungu, nami naitikia, lakini ndani yangu kumeganda. Mtu anakufaje akiwa ameketi, mgongo ukutani, kofia kichwani, wageni mbele yake, na wageni wasijue? Nilikuwa karibu kiasi cha kukugusa goti.

Wewe ni kaka wa mama, ndiyo maana nakuita Abti, na ndiye uliyenilea hapa mtaani Bulla Pesa tangu alipofariki. Asubuhi ulifundisha watoto madrasa. Jioni watu walikuja na shida zao: mke na mume, baba na kijana wake, hata Mama Kendi anayeuza miraa, ambaye ni Mkristo. Hukumpa mtu dawa ya mwenzake. Ulisema Mungu ameumba watu kwa tabia nne, moto, upepo, maji na udongo, na kila mmoja anaombewa na kusemeshwa kivyake. Mtu wa upepo ulimzuia asiahidi neno kabla ya kusali. Yule wa maji, anayekubali kila kitu kisha analia peke yake, ulimfundisha kumwomba Mungu nguvu ya kusema hapana. Mimi uliniambia nikiwa bado msichana kwamba ni moto. Nilikasirika. Ukacheka, ukasema, "Mungu hakukosea. Lakini moto unakaa jikoni, haukai kwenye nyasi." Tangu hapo ukanizoesha kutawadha kila neno linaponichoma, ndipo nizungumze.

Mume wangu Halkano ulimwita udongo. Wiki ya harusi uliniambia, "Huyu ukimmwagia maneno mengi anakuwa tope. Muulize kitu kimoja, ungoje." Kuuliza nilijua. Kungoja sikujua.

Kisha ukaja ukame huu, na mahindi ya manjano ya msaada. Ng'ombe wa Halkano wakafia upande wa Kinna, wote. Alirudi mjini na fimbo tu, akawa anakaa mlangoni kwenye kigoda akitazama barabara. Hakusema walikufaje. Nilimuuliza kwa upole, kisha kwa sauti, kisha majirani wakasikia. Nilitawadha mpaka ngozi ya mikono ikapauka, hasira haikuisha. Mwishowe nikamwambia twende kwako, anipe talaka kwa amani mbele yako.

Ulitupokea baada ya alasiri. Ulikohoa kidogo, ukasema ni vumbi. Nilisema yangu yote, ukanisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukamgeukia yeye. "Halkano, ng'ombe walipokufa, ulimwambia nani?" Ukaninyooshea kidole nisimjibie. Ukaegemea ukuta, ukafumba macho, kama ulivyozoea ukimngoja mtu wa udongo.

Na mimi nikangoja, Abti. Mara ya kwanza tangu tuoane. Nilisikia mbuzi wa jirani, nikasikia mtu akitwanga, sikusema kitu, kwa sababu nilidhani hata wewe unangoja.

Ndipo Halkano akazungumza, akikuangalia wewe. Alisema hakumwambia mtu. Alisema yule ng'ombe mwekundu aliyepewa na baba yake alishindwa kusimama, akawa anamwinua kila asubuhi kwa mabega, mpaka asubuhi moja hakuinuka. "Nilikaa naye," akasema. "Nilimfukuzia ndege. Nikaona nikirudi nyumbani nikiyasema haya, Safia atajua nimekwisha."

Nilikutazama nisikie utamwambia nini. Tasbihi ilikuwa imeteleza mapajani mwako. Halkano akaita polepole, "Abti?" Akakushika mkono. Kisha akanigeukia, na uso wake siwezi kuuandika.

Ulimsikia? Uliondoka kabla hajafungua mdomo, au ulingoja amalize? Hakuna wa kunijibu. Nikikumbuka kwamba labda tulikuwa tunaongea mbele ya maiti, naacha ninachofanya, natoka nikasimame uani. Saa nyingine nakukasirikia, Mungu anisamehe, kwa kutuacha katikati ya maneno.

Halkano alikuosha pamoja na imamu, na ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Mimi sikulia. Nilipika, nikapokea wageni, nikafua mashuka. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Mimi nilikuwa bado nimeketi kwenye ule mkeka, nasubiri ufumbue macho.

Mlango wako bado unabishwa. Mama Kendi alikuja juzi, akaketi mahali pake pa kawaida kabla hajakumbuka. Akaniuliza, "Na sisi sasa tutaambiwa na nani vile tuko?" Nikampa chai. Tukanywa tukiutazama ukuta.

Halkano amerudi Kinna. Binamu yake amempa kipande cha shamba kando ya mfereji, analima vitunguu, yeye ambaye hajawahi kushika jembe. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akaniuliza, yeye, akaniuliza mimi: "Safia, unaogopa nini?" Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Alingoja. Alingoja, Abti, mpaka dereva wa lori akapiga honi, na hata hapo hakuharakisha.

Jibu limenijia jana nikifagia uani. Naogopa watu wanaoondoka kimya. Mama aliondoka kimya, na Halkano pale kwenye kigoda niliona ameshaanza kuondoka. Ndiyo maana nilipiga kelele. Sasa na wewe, kimya kuliko wote. Nililisema kwa sauti, peke yangu, fagio mkononi, na machozi yakaja, mengi, mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kunishika.

Sijui kama tutaishi pamoja. Talaka hatujaitamka wala hatujaifuta. Lakini Jumamosi kuna lori la Kinna, na nakuahidi nitapanda. Nitamwambia ninachoogopa, kwa mdomo wangu, mchana, katikati ya vitunguu vyake. Baada ya hapo, kukaa au kuachana, tutaamua sisi wawili, tukiwa tumesikiana.

Mungu akupanulie kaburi lako, Abti, na alitie nuru. Kwaheri.

Mtoto wa dada yako,
Safia