Mashuka Meupe Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi

Walituambia mjini wamebaki wazee na mbwa tu. Waongo! Kila dirisha lina kichwa kinachochungulia. Na hao ndio kazi yangu. Wenzangu wanapigana, mimi nashughulika na raia walionaswa katikati: kuwatoa barabarani vifaru vipite, kuwaonyesha wapiga mizinga mahali pasipopaswa kupigwa. Kambini wananiita Mama Huruma. Si kwa sifa.

Nimezunguka na kipaza sauti: kila nyumba yenye watu itandaze shuka jeupe juu ya paa. Droni inaona, ramani inatiwa alama, mizinga haigusi hapo. Wazo langu mwenyewe. Mkuu wa brigedi kakubali bila hata kunikatiza!

Shemeji kacheka redioni. Mdogo wake mume wangu, ndiye kamanda wa mizinga — kwa nuksi yangu tumepangwa brigedi moja. Eti, "Shemeji, umekuja vitani kufua?" Nikamjibu anyamaze, nyumbani ninayo picha yake ananyonya kidole na meno yote yameshaota. Brigedi nzima imesikia. Safi.

Jumanne, 4 Machi

Mji mzima mweupe! Hata mabanda ya kuku. Nimemuuliza fundi seremala mmoja kuna nani ndani ya karakana yake. "Mbao," kasema, hana hata haya. Shemeji analalamika: sasa apige wapi, mawinguni?

Mchana kombora la adui limeanguka kwenye foleni ya maji. Adui hana habari na ramani yangu. Mwanamke mmoja mguu umekatika juu ya goti. Nimemfunga paja kwa mkanda wangu, nikavuta kwa nguvu zote, damu ikanipanda mpaka viwikoni. Alikuwa anaulizia ndoo yake. Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo. Akafa.

Suruali inaning'inia, mkanda sijaurudia.

Jumatano, 5 Machi

Adui naye ana macho. Nilisahau jambo dogo kama hilo!

Asubuhi vijana wa Shemeji waliona watu wakisogea juu ya paa la kiwanda cha mikate. Wakaomba ruhusa ya kupiga. Mimi ndiye niliyeruka redioni: msiguse, paa hilo lina shuka, lina watu! Nilipayuka mpaka sauti ikakauka. Wakaacha. Punde makombora yakatoka palepale, chini ya shuka langu, yakalipua lori lao la risasi.

Nimekwenda. Dereva bado kashika usukani, mikono imegandamana nao. Wengine wawili tumewakusanya kwa sepetu. Shemeji alikuwa amekaa chini, kofia mapajani. Yeye kasema tu kwamba vijana walitaka kupiga. Basi. Angenitukana ningepumua.

Nimeua watatu wetu kwa domo langu. Siwezi kuliandika vingine.

Jioni mkuu katoa amri: kesho adhuhuri mashuka hayahesabiki. Mtaa wote wa mtoni utapondwa kabla vifaru havijaingia. Nina asubuhi moja ya kuwatoa watu.

Alhamisi, 6 Machi

Kipaza sauti tena. Ya Jumatatu yamefutwa, tokeni! Mzee mmoja kanirushia tofali. Jumatatu kaeni, leo tokeni, wewe uko upande gani? Hata hivyo walitoka. Fundi seremala kambeba mama yake mgongoni. Walipofika njia panda adui akawamiminia makombora. Yule mama kaanguka mzima, mwanawe chini yake hana kichwa. Akawa anampapasa mabega, anamwita. Lori nililoahidiwa liliungua hapohapo.

Nimekimbilia zahanati ya wazazi, ya mwisho mtaani. Chumba cha mbele kimeshaporomoka. Cha nyuma kimejaa: waliopasuliwa jana, vichanga, na mmoja yuko kwenye uchungu sasa hivi. Nimemwambia mkunga tuondoke. Kaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Haya, mwanangu, wabebe. Anza na huyu." Kisha akanirushia glavu.

Nimempigia mkuu, nikaomba zahanati iachwe. Kakataa: adui yuko nyuma ya ukuta wake. Ni kweli, nawasikia wakiburuta masanduku. Nikamwambia basi na mimi nimo humu, na sitoki. Halafu akaingia Shemeji redioni.

"Shemeji, toka humo." Hakuna mzaha.

Nikasema sitoki.

"Chumba gani?"

Cha nyuma. Kinachopakana na ukuta.

"Mungu wangu, kwa nini hicho?"

Kwa sababu ndicho kilichobaki! Nimemfokea. Akasema amri imeshatoka, anajaribu kuongea na mkuu, nisubiri. Nasubiri. Naandika huku redio iko mapajani. Naogopa.

Mizinga imeanza kule mwanzo wa mtaa. Inakuja nyumba kwa nyumba, vumbi linatuangukia. Huyu mama anapiga kelele, mkunga kaweka goti kitandani, hageuki. Kaniuliza hao wanaopiga ni akina nani.

"Shemeji yangu."

"Basi mwambie angoje. Kichwa kimeshaonekana."

Nimebonyeza redio, nimemwambia hivyohivyo. Naweka kalamu chini, navaa glavu.