Pangaboi kwa Daktari

Jumatatu, 5 Februari

Nimeitwa shule tena. Nilitoka kazini na aproni chini ya koti. Msimamizi wa chumba cha pasi amechoka na ruhusa zangu, na mashuka ya hoteli hayajipigi pasi yenyewe. Nilidhani kuna ugomvi. Hakuna! Mwalimu alinifungulia daftari za binti yangu: hesabu ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nusu, halafu mchoro wa kuku. Kila daftari hivyo hivyo. Hata mwalimu sasa anamwita Pangaboi, jina alilobandikwa na baba yake kwa kuzunguka kutwa kama feni ya darini. Anasema si ukaidi. Mtoto anajaribu, mwili unamkatalia. Kisha akashusha sauti: mambo yakiendelea hivi atarudia darasa la pili tena. Tumpeleke kwa daktari anayepima umakini wa watoto.

Kurudia tena! Ana miaka minane, tayari wenzake wanamwita bibi wa darasa.

Jumanne, 6 Februari

Mama mkwe hataki kusikia. Mtoto gani asiyeruka? Eti ni mimi ninayemdekeza. Baba yake yuko njiani na lori lake. Alisema fanyeni mnavyoona, simu ikakatika.

Alhamisi, 15 Februari

Leo ndiyo leo. Na tumeharibu wenyewe!

Tangu Jumapili Mama mkwe amekuwa akimfundisha mtoto kukaa. Nyumbani kwetu wageni wakija watoto wanakaa mkekani, wanaamkia, wananyamaza. Basi daktari naye kageuzwa mgeni. Gauni la kutokea, nywele zimesukwa upya mpaka macho yamevutika. "Usitutie aibu, mjukuu wangu."

Hakututia. Alikaa tuli, mikono mapajani, kama anapigwa picha ya pasipoti. Shikamoo daktari. Ndiyo daktari. Hapana daktari. Daktari akauliza kama nyumbani pia yuko hivi. Kabla sijafungua mdomo Mama mkwe akajibu kwamba mtoto huyu amelelewa. Daktari akasema haoni la kumtia wasiwasi, turudi ikibidi. Mama mkwe alitoka anang'aa.

Nikampeleka mtoto chooni. Alipopandisha gauni nikaona paja lake — alama za kucha, nyingine zimechimba. Nikamuuliza nani kakufanya hivi. "Mimi mwenyewe, Mama. Nikijifinya miguu inatulia."

Nililia palepale chooni, sikujali mtu. Kisha nikamshika mkono tukarudi kwa daktari bila kubisha hodi. Mgonjwa mwingine alikuwa ndani, alinisamehe. Daktari aliliangalia lile paja muda mrefu. Akasema tuje wiki ijayo, wawili tu, na mtoto avae anavyovaa siku zote.

Alhamisi, 22 Februari

Tumekwenda wawili tu, na viatu vya kuchezea. Mama mkwe amenuna, chai ya asubuhi alijimiminia peke yake.

Pangaboi alizungusha kiti cha daktari, akafungua droo, akauliza kwa nini nywele za puani zimemtoka nje. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari alicheka, akaendelea na maswali yake. Alikuwa amekwishaongea na mwalimu pia. Mwisho akasema ni ADHD. Si adabu mbaya, si uzembe wangu. Umakini unamponyoka, na mwili hauna breki za kutosha. Akaeleza tutakavyofanya: kazi apewe vipande vidogo, akae mbele karibu na mwalimu, na kidonge kidogo kila asubuhi. Watampima uzito na mapigo ya moyo, maana huenda hamu ya chakula ikapungua.

Aliposema si uzembe wangu nilihisi mabega yanashuka. Sikujua kumbe nimeyabeba juu miaka yote hii.

Ijumaa, 23 Februari

Baba yake kasema hapana. Dawa ya kichwa kwa mtoto mdogo, hapana. Mama mkwe alikuwa amempigia kabla yangu. "Mnataka kumgeuza zezeta."

Sikulala vizuri. Pasi leo imeunguza foronya mbili.

Jumapili, 25 Februari

Nimempigia tena. Safari hii sikubishana. Nilimsimulia lile paja, basi. Jinsi alivyokaa, jinsi bibi yake alivyofurahi, jinsi nilivyokuta alama za kucha.

Nikadhani mtandao umekata. Halo? Halo?

"Mimi nilikuwa najiuma ulimi," akasema. "Darasani. Mpaka nasikia ladha ya damu."

Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kulisikia hili! Najua tu kwamba shule aliiacha mapema, na kwamba akiulizwa husema haikumpenda. Akavuta pumzi. Mpe hiyo dawa, akasema. Na mama yangu niachie mimi.

Jumatano, 28 Februari

Kidonge cha kwanza. Chakula cha mchana amekirudisha kutoka shule karibu chote. Nimempa uji jioni, akanywa. Mama mkwe anamtazama mtoto, kisha ananitazama mimi.

Jumamosi, 2 Machi

Amenisaidia kukunja nguo. Zote! Katikati akaniambia: "Mama, kumbe mwalimu huwa anamaliza kusema?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Amerudi shule mbio, daftari mkononi. Hesabu kumi, zote zimefanywa, nane sawa. Darasa zima limempigia makofi. Nikamkumbatia, hata Mama mkwe akaomba aonyeshwe. Nikaketi niandike haya nikiwa na furaha ya kweli.

Sasa kaja kusimama mlangoni. "Mama, wamenipigia makofi mimi au kidonge?"

Nikamwambia ngoja, namalizia kuandika. Zamani hilo lingenitosha. Ningeandika mistari miwili tu, ameshasahau swali, yuko uani anakimbiza paka. Nimeshaandika yote haya. Yuko palepale, ameegemea mlango, ananitazama. Anangoja.