Fahali wa Sehemu ya Sita

Hai Cinema,
Juba.
Jumapili, baada ya misa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, mguu umepungua maumivu, na Mama amepona kile kikohozi alichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho. Vipi bucha? Levi ameniambia kwamba siku za soko hapo Katito mnachoka hadi mnashindwa hata kula. Nafurahi kwamba wateja wapo, na nafurahi zaidi kwamba sasa unamwachia yeye kubeba vitu vizito. Kaka yangu ana mabega, ayatumie. Mimi ni mzima. Malaria iliyonishika imekwisha, na nguo zangu zimeanza kunikaa tena.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Jacinta, yule rafiki yangu wa benki, anakuja nyumbani likizo na amekubali kuifikisha mkononi mwako. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningekosa jinsi ya kuendelea. Kwa hiyo naomba uisome polepole hadi mwisho, ndipo uniseme.

Uliwahi kuniuliza kamera yangu inapiga nini huku. Nilikujibu kwa mkato kwamba ni tamthilia ya runinga, tukahamia mambo mengine. Ni hadithi ya familia mbili zilizouana, na jinsi zinavyotafuta njia ya kuishi tena jirani. Mwenye kampuni anaitwa Ivan, Mganda, mtu mchangamfu anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Mwandishi na mwongozaji ni mwanamke anayeitwa Keji. Amezaliwa huku, lakini vita viliikimbiza familia yao akiwa mdogo akakulia Koboko, upande wa Uganda, ndiyo maana Kiswahili chake kina ladha ya kule. Huyu Keji ndiye ninayetaka kukueleza habari zake.

Keji hali nyama. Na sisemi kama Mama anavyoiacha wakati wa Kwaresima. Hali samaki, hali mayai, hanywi chai ya maziwa. Mjini humu, Baba, mgeni wa heshima huulizwa tu kama atakula mbuzi au ng'ombe. Wengine kazini walidhani anaumwa tumbo, wengine wakasema ameingia kanisa jipya. Yeye huchukua ful yake, yale maharagwe makubwa yanayopikwa huku kwa mafuta na kitunguu, au kudra, mboga inayoteleza kama apoth yetu, anakula na kunyamaza. Sijamsikia hata siku moja akimsema mtu kwa kilicho kwenye sahani yake.

Ila kuhusu filamu anasema. Jumapili jioni huwa naenda kwake tutazame pamoja, na kabla ya kumjua nilidhani najua kutazama. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu asiyekula nyama akiwa shujaa. Nikafikiri, sikumpata. Kila niliyemkumbuka aliwekwa pale achekwe. Akanionyesha kwamba mwandishi akitaka tuipende familia huiweka mezani na kuku wa kuoka, na akitaka tumwogope mtu humpa mfupa autafune. Likaja tangazo la kuku aliyevaa kofia ya mpishi, anaimba kwa furaha kwamba yeye mwenyewe ni mtamu. Nililiona tangazo lile tangu nikiwa Nairobi na nilikuwa najua wimbo wake, nikaufuatisha. Keji akanigeukia. Aliniangalia tu, na mimi nikaacha kuimba.

Usidhani anachukia anachotazama. Hakuna mtu niliyemwona akiipenda kazi hii kama yeye. Siku moja alirudisha filamu nyuma mara nyingi kwa sababu ya punda. Wenye punda walikuwa ndani wanazungumza mambo yao, na aliyepiga picha akamwacha punda dirishani akinyeshewa, bila sababu yoyote ya hadithi. Keji alisema aliyepiga hiyo amemwona punda, na kwamba wengi hupiga bila kuona. Maneno hayo nimetembea nayo.

Nilimuuliza ilianzia wapi. Alinieleza kwamba Koboko, akiwa mtoto, walikuwa wanaingia kwenye kibanda cha video, na mbele alikaa mtu mmoja na maikrofoni, Waiswa, akiwatafsiria wanachosema wazungu. Ilikuwa filamu ya vita. Watoto walipoogopa, Waiswa aliwaambia wasilie, wale waliokufa ni waigizaji, wameshaamka. Keji akainua mkono akauliza, na farasi je? Kibanda kizima kikacheka, Waiswa naye akacheka, akaendelea kutafsiri. Keji anasema hadi leo hajajibiwa.

Sasa, katika hadithi yetu, sehemu ya sita ndiyo ya upatanisho. Ivan alikuwa amewaahidi wafadhili kwamba fahali atachinjwa kweli mbele ya kamera, kama inavyofanyika watu wanapopatana. Keji aliandika tukio hilo kwa namna nyingine tangu mwanzo, lakini Ivan alidhani atamlainisha siku ikifika. Siku ikafika. Tulivuka daraja tukapita Sherikat, hadi kwenye uwanja wenye nyasi karibu na mto. Watu wengi wa pale waliitwa wakae kama wanakijiji, na waliambiwa kutakuwa na nyama. Mwenye fahali, mzee mrefu anayeitwa Puok, alikuwa amekwisha kumfunga kwenye kigingi. Fahali alikuwa mweupe, Baba, na madoa meusi shingoni, na pembe zimepinda kwa ndani kana kwamba mtu alizikunja kwa mkono. Ungemsifu.

Ivan alimwita Keji kando, lakini hapakuwa na kando, tulisikia sote. Alimwambia kwamba watu wa nchi hii wanaijua damu, ukiwaonyesha mchezo watacheka. Keji akamjibu taratibu.

"Hii watu yote inakufa kwa hadithi yangu, jioni inaamka, inakunywa chai. Hii ng'ombe peke yake haitaamka. Mimi siwezi kusema anza."

Ivan akasema basi asiseme, apumzike garini, atasema yeye. Halafu akanigeukia. Akawaambia wote kwamba hakuna shida, Quinter ni mtoto wa bucha, haogopi damu.

Alikuwa anasema kweli. Siogopi damu. Nilisogeza kamera, nikaweka jicho. Kwenye kioo aliingia yule fahali, karibu sana, na nzi kwenye kope, na jicho lenyewe limenitazama. Nikakukumbuka wewe. Nikakumbuka nyuma ya nyumba yetu asubuhi, wewe na aproni yako ya mpira, unamwekea mnyama kiganja juu ya jicho na kutuambia mimi na Levi tuingie ndani. Kila mara ulituambia tuingie. Mara moja Levi alichungulia dirishani, na ulimchapa, wewe ambaye hukuwa unachapa, ukasema jambo hilo si la kutazamwa, ni la kufanywa na kumalizwa.

Nilitoa betri kwenye kamera nikaiweka mfukoni. Nikamwambia Ivan kwamba baba yangu amefanya kazi hiyo maisha yake yote na hakuwahi kumruhusu mtu kutazama, kwa hiyo mimi siwezi kuitazamisha nchi nzima. Sijui kama nilikuwa na haki ya kutumia jina lako pale. Lakini ndilo lililonijia.

Mzee Puok aliuliza kwa Kiarabu cha Juba tunagombania nini. Keji akamweleza. Nilidhani atakasirika, na alikasirika. Alimwambia Keji kwamba ametoka kwa watu wa kulima, atajua nini kuhusu ng'ombe, na kwamba kwao wafugaji fahali hufa kwa heshima kuliko watu wengi. Keji alikubali yote. Hakubishana naye hata neno moja. Alimuuliza tu kama hizi familia mbili anazoziona hapa zina ugomvi. Mzee akawatazama waigizaji, mmoja alikuwa anatafuna bazoka, na akasema haoni ugomvi. Basi, Keji akasema, huyu atakufa kwa heshima ya nini? Mzee akamtemea mate Ivan karibu na kiatu. Hakusema atamfungua, hakusema hatamfungua. Aliketi chini karibu na kigingi, na ikawa wazi kwamba mwenye kisu atalazimika kumruka yeye kwanza.

Ivan alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona nywele zake. Alikaa garini mwenyewe, na aliporudi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, hiyo namna nyingine ya Keji ikoje.

Ilikuwa hivi. Mama aliyefiwa, ambaye anaigizwa na Juliet, anaambiwa akubali fahali achinjwe ili mambo yaishe. Badala yake anaifungua kamba mwenyewe, anampeleka akiwa hai hadi mlangoni kwa wale waliomuua mwanawe, anawaambia mtamlisha, mtamchunga, na kila mtakapomwona mtamkumbuka mwanangu. Ndiyo hiyo tu. Ukisoma kwenye karatasi ni kitu kidogo. Fahali hakuielewa karatasi, alimburuta Juliet hadi kwenye matope, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, ikabidi Puok atembee pembeni nje ya picha akimwimbia kwa sauti ya chini ndipo atulie. Sauti ile iliingia kwenye maikrofoni na Keji akakataa itolewe.

Lazima nikueleze na hili, usije ukadhani siku ilikuwa tamu kwa wote. Wale watu waliokuja kwa ajili ya nyama hawakuipata. Keji alikuwa ameandaa masufuria ya ful na kudra ya karanga, lakini baadhi waliondoka wakinung'unika. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba hajaonja nyama tangu Pasaka, na kwamba shibe ndiyo inayomfanya mtu aone huruma na ng'ombe. Keji hakujitetea. Alisema malesh, mama, ndiyo pole ya huku, akampakulia kwa mkono wake, akakaa chini karibu naye hadi amalize. Tulipokuwa tunarudi mjini alilia njia nzima, na nilimheshimu kwa machozi yale kuliko kwa ile hotuba fupi ya asubuhi.

Tuliionyesha kwenye ukumbi mdogo hapa Hai Cinema kabla ya kurushwa. Juliet alipoanza kufungua kamba, wanaume waliokuwa wanaongea nyuma walinyamaza. Alipofika mlangoni, mwanamke mmoja mbele yangu alifunika uso kwa leso, na alikaa hivyo hata taa zilipowashwa. Hakuna aliyecheka. Wafadhili walilalamika kwa barua pepe, wakauliza sherehe iko wapi, na Ivan, huyohuyo Ivan, aliwajibu kwamba wakiitaka nyingine watafute kampuni nyingine. Bado wapo nasi. Nilimuuliza Puok baadaye kuhusu fahali wake, akasema yupo, ila hawezi kuniahidi kitu, ng'ombe ni ng'ombe. Keji alilijua hilo. Anasema hakuokoa ng'ombe wa dunia, alikataa tu mmoja afe kwa ajili ya picha yake.

Baba, nimezunguka sana, na sasa nimefika. Tangu siku ile sijala nyama. Mwanzoni nilidhani ni mshtuko tu na utapita, haukupita, na sasa sitaki upite. Siumwi. Sijahama kanisa. Keji hakunishawishi, nilipomwambia alinionea huruma, akaniuliza nitakwambiaje wewe. Nimeshindwa kukwambia kwa miezi. Kila uliponiuliza kwa simu nimekula nini, nilikujibu chakula.

Nilichokuwa nakiogopa ni usikie kama binti yako anaionea haya bucha iliyomsomesha. Sioni haya, Baba. Kila daftari langu lilitoka pale, na hata kamera ya kwanza. Nisingekuwa mtoto wako nisingejua kwamba kuna kitu cha kusitiriwa katika dakika ile, na ningepiga picha kama nilivyoambiwa. Nimefika mahali tofauti na wewe, lakini njia nilipewa na wewe.

Nakuja Krismasi. Naomba usichinje kwa ajili yangu. Wageni na wale chochote watakacho, nitakaa nao mezani, na Mama anipikie apoth na dengu, nitashiba. Kitu kimoja tu ndicho ninachokitaka kutoka kwako. Nitakuja na sehemu ya sita. Tufunge mlango, mimi na wewe, tuitazame. Watu wamenisifu huku, lakini wengi wao hawajawahi kukaa karibu na fahali. Wewe umewatazama macho miaka yote hiyo peke yako, bila mtu wa kumsimulia. Nataka unisimulie. Na ukiona mahali kamera yangu imedanganya, unionyeshe, sitakasirika.

Msalimie Mama, umwambie leso aliyonitumia naifunga kila Jumapili. Msalimie Levi na wateja wote wanaoniulizia. Jacinta atakaa Kisumu hadi mwisho wa likizo, ukitaka kunijibu kwa karatasi atanibebea. Ukipenda kupiga simu, nitapokea, hata kama ni ya kunigombeza. Mungu akulinde wewe na mkono wako.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Quinter