Maji Mabichi ya Kansay

Dodoma, 14 Aprili 2019

Kwa Aayo mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, wasiwasi wangu ni wewe na goti lako. Bado linakusumbua ukipanda mlima? Nisalimie kaka Edson na mkewe, na umpakate Qamara kwa niaba yangu.

Edson ameniambia kijiji kinataka kuchimba kisima, na mzee Silvanus, mwenyekiti wa kamati, anapigia debe bondeni karibu na kanisa. Aayo, nakuomba uwaambie wasubiri kidogo. Unayajua meno yetu na madoa yake. Mimi nimefika chuo nikiziba mdomo, na sasa Janeth wa Edson, mtoto wa miaka tisa, anacheka na kiganja usoni. Watu husema ni uchafu. Siyo uchafu, ni floraidi iliyozidi kwenye maji tuliyokunywa utotoni. Yetu sisi yameshaharibika. Lakini mdogo wake, Qamara, hajafikisha hata mwaka, na meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya ufizi.

Ninachosomea mimi ni ulanga, vile vipande vinavyometameta kwenye mawe ya volkano. Ulanga ni tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu, na ndani yake kuna viti. Kwa kawaida viti hivyo hukaliwa na oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, lakini mlima ukitema moto, floraidi huvikalia yenyewe. Jiwe likija kuoza, floraidi inatoka na kuingia majini.

Nitumie jiwe na chupa ya maji kutoka bondeni, na vilevile kutoka chemchemi ya juu, nyuma ya shamba la jirani yetu Martha. Mpe kondakta wa basi pale Karatu.

Mwanao,
Sabina

Kansay, 2 Mei 2019

Mwanangu Sabina,

Amani ya Bwana iwe nawe. Huku tu wazima wote isipokuwa goti, na hilo nimelizoea kama mke mwenza. Mahindi yanapendeza. Unakula lakini? Edson anasema kwenye picha umekonda.

Mzigo wako ndio huo. Chupa yenye kitambaa chekundu ni ya juu, Janeth ndiye aliyeifunga. Mawe nimeyasugua kwa brashi mpaka yanang'aa, maana yanakwenda kuonwa na maprofesa, na maji nayo nimeyatengeneza vizuri. Hatutaki aibu.

Silvanus nimemweleza habari ya viti. Akaniuliza tangu lini jiwe likaharibu meno ya mtu asiyelitafuna. Hata hivyo amekubali kusubiri, kwa shingo upande. Anasema huko juu ni mbali na wanawake watachoka. Tangu lini akajali wanawake kuchoka?

Mama yako,
Aayo

Dodoma, 6 Juni 2019

Aayo wangu,

Shikamoo. Pole na goti, pole na mavuno. Mimi nakula, usimsikilize Edson.

Majibu yametoka na hayanifurahishi. Ulanga wa jiwe la bondeni umejaa floraidi, na maji yake ni mabaya sana. Hilo nililitegemea. Jiwe la juu ni la aina nyingine, floraidi yake ni kidogo mno, kwa hiyo niliona tumepona. Lakini maji ya juu nayo yamepita kiwango. Nimepima tena na tena. Jiwe linasema hivi, maji yanasema vile, na mimi sielewi. Inabidi uwaambie kamati ukweli kama ulivyo. Nimeumia sana, Aayo. Nilimtegemea Qamara awe wa kwanza kwetu mwenye meno safi.

Mwanao,
Sabina

Kansay, 20 Juni 2019

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunaendelea. Qamara ameanza kusimama dede na anamvuta mbuzi masikio.

Barua yako niliisoma kwenye jumuiya baada ya sala. Kisha Silvanus akasimama akasema, "Kama yote ni mabaya, basi tuchimbe pa karibu." Wiki ijayo wanaanza kuchimba bondeni.

Lakini mimi bado nashangaa. Maji yale niliyachemsha kwelikweli, yote mawili, kutwa nzima, mpaka kila sufuria ikabaki nusu, nikachuja kwa kanga safi. Nisingeweza kumtumia mwanangu maji mabichi akaugue tumbo ugenini. Sasa hiyo floraidi ni mdudu gani asiyekufa?

Mama yako,
Aayo

Dodoma, 24 Juni 2019

Aayo,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, basi linaondoka na simu ya Edson haipatikani.

Floraidi si mdudu. Moto hauiui. Maji yakipungua, yenyewe inabaki na kukolea. Ulinitumia maji mazito kuliko yale ya chemchemi! Hata tukilirekebisha hilo, ya bondeni ni mabaya. Ya juu huenda ni mazuri, kama jiwe lilivyosema tangu mwanzo. Kosa ni langu, nilipaswa kukuambia. Nitumie maji mabichi, yalivyo, na uwazuie wasichimbe. Sijui utawazuia vipi.

Mwanao,
Sabina

Kansay, 1 Julai 2019

Mwanangu Sabina,

Nimepokea. Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikacheka tena. Maji haya hapa, hayajaona hata moshi.

Kuhusu kuzuia, nilichukua kigoda na gunia la mahindi nikakaa palepale walipopigilia vigingi vya kisima, nikaanza kupukuchua. Martha akaja na gunia lake, halafu na wengine. Vijana wakasimama na majembe yao. Nani atamwambia mama yake ainuke? Silvanus alituzunguka, akakohoa, akaenda zake. Tutarudi pale kila siku mpaka ujibu. Mahindi hayajaisha.

Mama yako,
Aayo

Kansay, 9 Novemba 2025

Mwanangu Sabina,

Hujambo wewe, mumeo, na kazi? Tangu mnara wa simu uje tumeacha kuandikiana, na nisingekusumbua na karatasi. Ila hili nikilisema kwa simu nitalia na salio litaisha.

Unakumbuka ulivyokuja mwenyewe na majibu ya yale maji mabichi, Silvanus akayasoma mbele ya kanisa kwamba ya juu ni salama. Siku hizi anapanda na punda wake hadi kisima cha juu akilalamikia mlima njia nzima. Tunamwacha.

Mwezi uliopita Qamara aling'oka jino la mbele, tukalitupa juu ya bati kama tulivyofanya yenu. Kila asubuhi Janeth alikuwa akimfunua mdomo kukagua. Ni binti mkubwa sasa, na mkono wake haujaacha kukimbilia usoni. Jana akaniita, "Bibi, njoo uone."

Jino limechomoza, Sabina. Jeupe. Halina doa hata moja. Nikalia pale jikoni kama mtoto. Janeth akaanza kunicheka, akacheka hadi akashika mbavu, kwa mikono yote miwili, na meno yake yote yakaonekana. Nimeishi naye miaka yote hii, sikuwahi kujua ana kicheko kizuri hivyo.

Ndani ya mzigo kuna maharage mapya, na chupa ya maji ya kisima chetu. Hayo usiyapime, mwanangu. Ni ya kunywa, nimeyachemsha.

Mama yako,
Aayo