Nyumba ya Uzazi Inajengwa kwa Picha ya Uchungu Wangu

Mama Gentille mpendwa, mshauri wetu wa redio, nakusalimia na heshima na ninakuomba unisikilize mpaka mwisho, juu nimeshaongea na mama mukubwa, nimeongea na pasta, na kila mumoja ananiambia nyamaza, na kunyamaza njo kumenifikisha hapa.

Mi niko mama wa Mboko, jina langu Constance, bwana yangu ni Anatole, muvuvi, muntu wa maneno kidogo, hajawahi kunipiga wala kunitukana. Tuko na batoto batatu. Wa ine alikuwa mutoto mwanaume, alizaliwa barabarani siku mvua ilikata njia, bantu balikuwa bananibeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti cha mabegani, kunipeleka hospitali upande wa Nundu, tukakuta muto umejaa, bakanishusha tungojee maji yashuke, na mutoto hakungojea. Alilia kidogo, akashika kidole yangu, akanyamaza. Mi nikazimia. Nilipoamuka niko nyumbani, Anatole alikuwa ameshamuzika. Tangu ile siku hatujamutaja tena nyumbani, na mi nilifikiri bwana yangu amesahau.

Mwaka huu bakaja ba-architecte wa kujitolea, bale banachora majengo, bamoja ba Bukavu, bengine ba Ulaya, habalipwi kitu, banachora bure halafu banatafuta michango kwa bantu ba kwao ili sisi tujenge. Balisema banataka tujenge nyumba ya kungojea uzazi, mama mwenye mimba imekomaa afike mapema, alale karibu na maternité, kule banazalishia, asingojee uchungu umukamate shambani ao ng'ambo ya muto. Mama Gentille, tulifurahi mpaka tukacheza. Na habakuja na muchoro tayari. Dada mumoja, Ketsia, binti wa Bukavu, alikaa na sisi kwenye mukeka akauliza: "Bamama, munataka jiko iwe wapi? Mama mukwe atalala wapi? Dirisha iangalie wapi?" Mama Gatesi, wa kule juu milimani, akasema bo banataka mahali pa kuchemshia maziwa, sisi ba ziwani tukasema tunataka mahali pa kukaushia samaki, tukabishana, tukacheka, na Ketsia akachora vyote.

Alikuwa analala kwangu. Nilimupenda kama mutoto yangu. Siku moja tunatwanga sombe, majani ya mihogo, akaniuliza sababu gani mi naitaka hii nyumba kupita bengine, na maneno yote niliyofunga yakatoka. Akalia na mi. Kisha akauliza polepole: "Mama Constance, naweza kuelezea bantu ba kule hii habari? Na kapicha kamoja? Itasaidia sana kupata michango." Muntu amelia na we, utamwambia hapana na kinywa gani? Nikasema ndiyo. Akanipiga picha nimeshika kile kikwembe nilichomufunika mutoto.

Ile picha imefanya kazi, siwezi kudanganya. Mawe yamefika, saruji imefika, mafundi bameanza. Lakini shemeji yangu wa Uvira akaiona kwenye simu, na maneno yote chini yake, mpaka vile nilivyozimia, akamutumia Anatole. Bwana yangu alirudi ziwani, hakupiga kelele. Aliniuliza:

"Constance, huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Basi mbona bantu nisiobajua banamulilia, na mi baba yake sijawahi kumulilia mbele yako?"

Akachukua blanketi yake. Sasa analala kwenye kambi ya bavuvi. Kila asubuhi analeta samaki ya batoto, anaiweka mulangoni, anaenda.

Nikaambia bamama nataka ile picha itoke. Rosette, prezida wa komite yetu, akasimama: "Unataka bengine bazalie barabarani juu ya haya yako? Acha nyumba ifike kwenye mabati kwanza!" Na sasa Ketsia ametuma habari kama anarudi, na kama bale benzake banataka jina ya mutoto iandikwe juu ya mulango. Nikikubali, nampoteza Anatole. Nikikataa, michango itakauka, mama mwingine atakwama kwenye muto, na damu yake itakuwa juu yangu. Usiku na muchana ni hilo tu. Nifanye nini, mama?

Constance, Mboko

*

Constance, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuweka miwani pembeni. Pole, mdogo wangu. Pole ya mtoto kwanza, maana naona kila mtu anagombana nawe juu ya picha na hakuna aliyekupa pole ya mtoto.

Sasa nikugombeze kidogo. Umelala kitanda kimoja na Anatole muda wote huu ukijiambia kwamba amesahau. Nani alikuambia? Mwanaume aliyesahau hachukui blanketi. Hasira yake si ya picha, mama. Mgeni amefunguliwa mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kuugonga. Na wewe, kila asubuhi unaokota samaki mlangoni na kuipeleka jikoni, badala ya kumfuata aliyeileta!

Katika barua yako ndefu umeniambia habari ya tipoyi, ya mto, ya kikwembe. Hukuniambia kaburi liko wapi. Nadhani hujui. Basi kesho usingojee samaki. Nenda kambini, na macho ya wavuvi yasikutishe, nao wana wake na watoto. Usianze na picha, usianze na kuomba msamaha, hayo yatafuata yenyewe. Muulize tu: "Ulimuzika wapi?" Kisha nyamaza, na hapo ndipo kunyamaza kutakuwa na faida.

Ukitoka huko, mpigie Ketsia. Huyo binti si mwizi, alikuja kuwasikiliza, na ni wachache wanaokuja kusikiliza. Lakini mtu akitoa ruhusa huku analia, inafaa aulizwe tena macho yakikauka, na yeye hakuuliza. Mwambie kwa heshima na bila kuzunguka: "Mutoto yangu, ile picha itoe, na jina lisiandikwe." Usimwambie samahani kwa kumsumbua. Na akikuuliza sasa watawaonyesha nini wafadhili, mwambie awaonyeshe mkeka ule, bamama wa ziwani na wa milimani wakibishana juu ya maziwa na samaki. Au mama anayejua anachotaka hasaidiwi, mpaka alie?

Rosette, najua unasikiliza, Mboko nzima inasikiliza. Unaogopa nyumba isisimame, na hofu yako ina maana. Lakini uchungu wa mwenzako si saruji. Ulipaswa kukaa naye chini, si kumsimamia mbele ya watu. Siku atakapopiga simu hiyo, uwe kando yake.

Na ile damu unayosema itakuwa juu yako, Constance, ishushe. Si wewe uliyejaza mto, si wewe uliyeharibu barabara. Mama mmoja habebi uzazi wa wilaya nzima kichwani. Kambini kwanza, simu baadaye. Nenda.

*

Wasikilizaji wengi mlituuliza ilikuwaje. Constance alitutumia sauti kwa simu, na yeye na bwana yake wameturuhusu kuwapa maneno haya:

"Mama Gentille, nilienda. Nilimukuta anashona nyavu. Nikamuuliza vile ulisema. Akavaa viatu, akasema: 'Twende.' Tukapanda mpaka nyuma ya shamba ya mihogo ya mama yake. Pale nikakuta mawe ya ziwani, yale meupe, yamepangwa vizuri, na majani yamekatwa, tena si zamani. Njo nikajua anafikaga pale kila wakati. Nikamuuliza, 'Mbona hukunileta?' Akasema, 'Ulikuwa mugonjwa sana. Niliogopa utamufuata. Halafu siku zikapita, nikakosa pa kuanzia.' Tukakaa chini. Anatole alilia mpaka nikamufuta uso na kikwembe yangu.

Nilipomupigia Ketsia, aliitoa ile picha siku ileile. Alilia kwenye simu, akasema hakufikiria kama mutoto iko na baba. Rosette alikuwa kando yangu, naye akachukua simu, akamuambia binti asijilaumu, tuko pamoja. Michango imepungua, siwezi kuficha, na mabati bado. Mama Gatesi na benzake baliteremka na mbao, bavijana ba hapa banasomba muchanga, kazi inaenda polepole.

Ketsia aliporudi, Anatole akaenda kumuona kwenye chantier, pale tunajenga. Mi niliogopa. Akamusalimia, akaangalia karatasi yake ya muchoro muda murefu, akauliza: 'Hapa mama analala. Hapa mama mukwe. Na baba, atangojea wapi?' Ketsia akatafuta, hakuona mahali. Akamupa penseli. Bwana yangu hajui kuchora, Mama Gentille. Alipiga mustari mumoja tu kando ya ukuta wa chumba ya kujifungulia, akasema: 'Benchi. Iwe karibu hivi, baba asikie mutoto akilia.'"