Mama, Pweza na Vidudu vya Karanga

Kisangani, upande wa Tshopo

Mama yangu, uliyeniachia sufuria na wadogo zangu wawili,

Unakumbuka siku tulipong'oa karanga, kule shambani karibu na wanapojenga bwawa? Niliona vinundu kwenye mizizi nikadhani ni ugonjwa, nikaanza kuvibandua. Moniteri wa kilimo, aliyekuwa akizungukia mashamba yetu, akaja mbio kunizuia. Alisema ndani yake mnaishi vidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho: vinavuta hewa na kuigeuza chakula cha mmea, na mmea nao unavilisha sukari. Ukacheka hadi ukashika kiuno. "Mudogo vile, na yeye anakula!"

Jioni ile Tonton, kaka yako, aliyewahi kufanya kazi baharini kule Moanda, akatuletea habari za mnyama wake: pweza. Jike likishataga hulinda mayai bila kutoka kutafuta chakula. Watoto wakianguliwa, mama anakufa. Hapo hukucheka. Ulisema, "Bon, huyo iko mama."

Na kweli ukawa pweza. Ulitupakulia fufu na sombe, ukatugawia samaki, wewe ukabaki kukwangua sufuria. "Nilikula ku soko," ulituambia, nasi tukaamini kwa sababu ulikuwa ukitabasamu. Homa ilipokuja ilikukuta huna nguvu hata ya kugeuka kitandani. Nakupenda, Mama, na nina hasira nawe.

Matanga yalipokwisha, Tantine, mdogo wako, alinikabidhi mwiko wako. "Fanya kama mama yako. Mwanamuke anakula nyuma ya bote." Ananitakia mema, lakini yeye mwenyewe amebaki mifupa. Nilipokea mwiko, maneno nikamrudishia. Kidudu kile kinalisha shamba zima na hakilali njaa. Nimechagua kuwa hicho. Wadogo zangu hawatazika mama mara ya pili.

Jana nilijaza sahani yangu kama zao, nikaketi nao mkekani. Ana, kitinda mimba wako, akaacha kutafuna, akanitazama mimi dada yake kwa mshangao.

"Yaya, haukukula ku soko?"

"Hapana, Ana. Ku soko hakuna mutu alikuwa anakula."

Nikamega tonge, nikala mbele yake mpaka nikashiba.

Pumzika, Mama. Kesho napanda karanga.

Binti yako wa kwanza, anayekula