Mkwe Chini ya Kitambaa Cheusi

Matema, ufukweni mwa Nyasa

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, na mama umwamkie. Huku mvua haikatiki na ndizi naletewa asubuhi, mchana na jioni. Ila kazi ya picha nusura inishinde siku ya kwanza.

Mzee mmoja wa Kinyakyusa alitaka picha yake. Mimi, kwa ujuaji wangu wa Bagamoyo, nikaamua iwe ya familia nzima. Mzee akivaa, nikawapanga mwanawe, mke wa mwanawe na wajukuu. Hakuna aliyenieleza kwamba hapa mke hamtazami baba mkwe wake maisha yote. Mzee alipotokeza, yule mke akakosa pa kujificha kwenye mchanga mtupu, akapiga mbizi chini ya kitambaa cheusi cha kamera yangu.

Humo ndani, dada, kuna kioo cha kuonea picha, nayo hutokea imepinduka, na kwenye kioo alikuwamo baba mkwe mzima, kichwa chini miguu juu. Tukasikia, "Mama yangu, nimemwona."

Moyoni nilishafunga virago. Mzee akauliza ameonekanaje, nikamweleza. Akafikiri, kisha akasema, "Basi huyo si mimi. Sijasimama hivyo hata nikilewa."

Nikampiga picha peke yake, anacheka. Mwambie mama nimekuwa fundi wa picha, ile cherehani aliyoniwekea ampe mwingine. Nawakumbuka nyote kila nikila.

Leo yule mke, macho kwenye kitambaa cheusi, kaniuliza kama mzee hahitaji picha nyingine.

Mdogo wako, Omari